Project Zomboid: Kutafuta Vifaa na Kurudi Mzima (Dalili, Sababu na Tiba)

Malalamiko ya wachezaji wa Project Zomboid, mchezo wa kompyuta wa kusalia hai kati ya mazombi, ni yaleyale, awe anayelalamika anachezea kibandani Ngamiani au chumbani kwao Raskazone, mjini Tanga: "Nilikuwa nimeshapata kila kitu, nikafa njiani." Isikilize vizuri kauli hiyo. Huyu hakufa akiingia dukani. Amekufa akitoka, begi limejaa, pumzi imekata, na njia aliyoijia imeshafungwa na mazombi aliowaamsha mwenyewe. Ndiyo maana karibu kila tiba iliyomo humu inarudi kwenye swali moja: utatokaje? Lijibu kabla hujagusa mlango.

Maelezo haya yanahusu toleo la 41 la mchezo, lililotulia tangu Desemba 2021, kwa mipangilio ya kawaida. Toleo la 42, lililoanza kutolewa kwa majaribio Desemba 2024, limebadilisha mambo kadhaa, kwa hiyo angalia kwanza unachezea lipi.

Dalili: Unang'atwa ndani ya nyumba uliyodhani ni tupu

Hii ndiyo inayoua wengi, na sababu inayoongoza ni kuanza kupekua kabla nyumba haijakaguliwa. Ukifungua orodha ya vitu vya kabati, mchezo hausimami. Kila kopo linachukua muda kuhamia kwenye begi, na muda wote huo macho yako yako kwenye orodha. Zombi aliyekuwa chumba cha pili anakuja taratibu na wewe unasoma majina ya maharage.

Sababu inayofuata ni mlango uliofungwa, hasa wa choo na wa chumba cha kulala. Unaufungua ukiwa umesimama mbele yake, naye yupo papo hapo. Halafu kuna mlango wa mbele ulioachwa wazi, wanaoingia wakakukuta kwa nyuma. Mara chache zaidi ni yule anayetambaa. Huyo hujificha chini ya gari hapo nje, ukapita akakudaka mguu.

Anza na ukaguzi rahisi. Nyata kwa herufi C, zunguka nyumba nzima, chungulia kila dirisha lisilo na pazia. Rudi mlango wa mbele, ufungue, rudi nyuma hatua kadhaa hadi uwanjani, kisha bonyeza Q. Mhusika wako ataita, na waliomo ndani watakufuata huko nje kwenye nafasi ya kurudi nyuma. Ukiwa umenyata sauti hiyo inakuwa ndogo, inatosha nyumba moja bila kuamsha mtaa. Pigania uwanjani. Ukumbini au kwenye korido huna pa kurudi, na ukimsukuma mmoja kwa kitufe cha nafasi, wa pili anakuwa ameshafika.

Ukishaingia, funga mlango nyuma yako na upite chumba kwa chumba. Kabla hujagusa kabati hata moja, nenda ukafungue komeo la mlango wa nyuma. Hili linasahaulika sana, nami naliweka juu ya yote. Mwenye milango miwili inayofunguka akivamiwa mbele anatoka nyuma na begi lake. Mwenye mlango mmoja anapigana pale jikoni.

Kama nyumba ni ya ghorofa na unakusudia kuifanya makao, funga kamba ya mashuka kwenye dirisha la juu. Inahitaji nyundo na msumari, basi. Lakini usipande juu kupekua wakati chini hujakagua.

*Acha mara moja:* ukiita na ukasikia milango zaidi ya mmoja inagongwa ndani, iache nyumba hiyo. Kwa mhusika mpya, watatu kwa pamoja ni wengi, hata kama umeshika gongo zuri.

Dalili: Mtaa ulikuwa kimya, ghafla wamejaa

Kitu kimelia. Swali ni kipi.

Mara nyingi ni king'ora cha nyumba. Baadhi ya nyumba na maduka vinacho, na kinaanza unapofungua au kuvunja dirisha au mlango. Sauti yake inafika mbali sana. Baada ya hapo, kwa mpangilio wa mazoea: bunduki (watu hupiga risasi moja wakidhani moja haisikiki), king'ora cha gari lililoegeshwa, kioo kilichovunjwa, na saa. Ndiyo, saa ya mkononi ya kidijitali. Ukiiokota kwa zombi ikiwa imetegeshwa kengele, italia ukiwa umelala nayo au umejificha nayo, na mazombi wanaisikia. Kila saa unayookota ikague kwanza uzime kengele yake.

Ipo pia helikopta. Kwa mipangilio ya kawaida inapita siku moja katika kipindi cha mwanzo wa mchezo, baada ya takriban wiki ya kwanza, na inakufuata wewe. Mazombi nao wanaifuata. Dawa yake ni maandalizi: uwe na chakula na maji ya siku kadhaa ndani, ili siku hiyo usiwe na haja ya kutoka. Ukiisikia ukiwa njiani, ingia jengo la karibu lenye mlango wa pili, utulie.

King'ora cha nyumba kikilia, hesabu ya vitu imekwisha. Usiseme nachukua hili la mwisho. Toka sasa hivi, upande usio na barabara kubwa, na usiende moja kwa moja kwako. Hapa ndipo watu wanapoharibu makao yao, kwa sababu kundi linalokufuata linafika hadi mlangoni na kuanza kugonga. Zunguka, kata kona za nyumba, ruka uzio mmoja au miwili, upotee machoni mwao kwanza. Zombi anakwenda pale alipokuona au kukusikia mara ya mwisho, akikukosa pale anabaki anazurura.

Ramani nayo inasaidia hapa. Ngamiani ukipotea unahesabu barabara, za kwanza mpaka za ishirini na kitu, utafika. Miji ya mchezoni, Muldraugh, West Point, Riverside na Rosewood, haina hisani hiyo. Tafuta ramani ya mji kwenye magari na vituo vya mafuta, uisome, na uweke alama nyumba yenye king'ora ili usiirudie, na njia mbili za kurudia kwako.

Kelele moja ya mwisho inayowachanganya watu ni mafua. Mhusika aliyelowa mvua na kupata baridi anapiga chafya, na chafya inasikika. Badili nguo zilizolowa, tembea na karatasi laini za pua au kitambaa, na ukiweza ahirisha safari mpaka apone.

Dalili: Anaburuta miguu, hawezi kukimbia, kipigo chake hakina nguvu

Tazama alama za hali zilizo upande wa kulia wa skrini. Zinasema kila kitu, na wengi hawazitazami mpaka zimekuwa nyekundu.

Ya kwanza kutafuta ni alama ya mzigo. Ukizidisha uzito, mwendo unapungua, pumzi inakatika haraka, na mzigo ukifika kiwango cha juu kabisa unaanza kukuumiza. Fungua orodha uone begi liko wapi. Kosa la kawaida ni begi kukaa ndani ya vitu ulivyobeba badala ya kuvaliwa mgongoni. Begi lililovaliwa linapunguza uzito wa vilivyomo, na kila begi lina asilimia yake. Weka kielekezi juu yake utaiona. La pili unaweza kulishika mkononi, nalo linapunguza, ila hapo huna mkono wa silaha ya mikono miwili.

Ya pili ni alama ya kuhema. Kila pigo na kila hatua ya mbio inakula pumzi, na pumzi ikiisha silaha yako inakuwa dhaifu hata kama ni shoka. Kaa chini au kwenye kiti ndani ya nyumba iliyofungwa, usubiri alama iondoke. Kuna wanaoona kupumzika ni kupoteza muda. Nawaomba walifikirie tena, kwa sababu mhusika aliyepumzika anaua zombi kwa mapigo machache, na aliyechoka anapiga mara nyingi kila pigo likimchosha zaidi.

Halafu angalia usingizi, njaa, maumivu na joto. Hadithi ya mchezo inaanza Julai 1993 huko Kentucky, Marekani, kati ya majira ya joto. Ukivaa koti zito kwa ajili ya kujikinga na meno na kucha, linakukinga kweli, lakini linaupasha mwili joto na kukuchosha. Mimi napendelea koti la ngozi na suruali ya jinzi, si makoti matatu juu ya mengine. Msituni pia mwendo unapungua, matawi yanakukwaruza, na ukikimbia unaweza kujikwaa.

Tiba ya kudumu ni kupanga safari kwa uzito. Toka nyumbani begi likiwa tupu kabisa: silaha moja mkononi, moja ya akiba, bandeji mbili, chupa ya maji. Ukirudi na begi nusu umerudi na kitu. Ukiona bado kuna vitu vizuri vimebaki, virundike sehemu moja karibu na mlango wa nyuma, weka alama kwenye ramani, vifuate kesho. Havipotei.

*Acha mara moja:* alama ya mzigo na ya kuhema zikiwa pamoja, na zombi ameshakuona, dondosha begi. Lidondoshe kweli, uondoke mwepesi. Litakuwepo hapohapo ukirudi.

Dalili: Anavuja damu na hakuna zombi aliyemgusa

Kioo. Umevunja dirisha ukapita bila kuondoa vipande, au umelivunja kwa mkono mtupu. Vunja kwa silaha, bofya kulia dirishani uondoe vioo vilivyobaki, ndipo upande. Bora zaidi, jaribu kwanza kulifungua kwa kulikaribia na kubonyeza E. Mengi hayana komeo. Sababu ya pili ni kutembea peku juu ya vioo, ya tatu ni matawi.

Fungua paneli ya afya yenye alama ya moyo. Damu izuie kwanza, hata kwa kitambaa ulichochana kutoka kwenye nguo ya maiti. Nguo chafu inaweza kuleta uchafu wa kidonda, lakini damu inaua haraka kuliko uchafu. Ukifika mahali salama badilisha kwa bandeji safi na weka dawa ya kuua vijidudu.

Paneli ikisema kuna kipande cha kioo ndani ya kidonda, bandeji haitoshi. Kinahitaji kutolewa kwa kibano. Jeraha la kina linahitaji kushonwa, kwa sindano ya kushonea majeraha au sindano na uzi wa kawaida. Mkiwa mnacheza kikundi kwenye seva, hii ni kazi ya mwenzenu aliyechagua udaktari au uuguzi: acha kupekua, mwite, mlindeni wakati anafanya kazi. Kuendelea na safari ukiwa na jeraha la kina ni kumpa mwenzako maiti ya kubeba.

Dalili: Kichefuchefu. Ameambukizwa?

Watu wanafuta mchezo wakiiona alama hii, na mara nyingi wamekosea. Pitia moja baada ya nyingine.

Chakula: kilichooza, au nyama mbichi. Maiti: ukikaa karibu na rundo la maiti zinazooza mhusika anaugua, na hii inawakuta wanaoua wengi mlangoni kwao kisha hawazisogezi. Zichukue mbali, uzike au uchome. Maji machafu ya mtoni au ya pipa ambayo hayakuchemshwa. Jenereta inayonguruma ndani ya nyumba: moshi wake ni sumu na unaua, kama wa jenereta halisi. Itoe nje, na usisubiri kuizima kesho.

Baada ya hayo ndipo uje kwenye maambukizi. Mkwaruzo una uwezekano wa asilimia 7 wa kukuambukiza, jeraha la kuchanika asilimia 25, na kung'atwa ni asilimia 100. Dawa ya kuua vijidudu na antibayotiki zinasaidia uchafu wa kidonda tu. Ugonjwa wa zombi hauna dawa kwa mipangilio ya kawaida, na mhusika hufa ndani ya siku mbili hadi tatu. Kwa hiyo mwenye mkwaruzo asikate tamaa. Akipita siku tatu bila homa, yuko salama.

Aliyeng'atwa asitafute tiba. Siku alizobakiza zina kazi nyingine: kupeleka vitu vyote nyumbani, kuvipanga kwenye makasha, kujaza mafuta, kuweka funguo za gari mahali panapoonekana. Ukianzisha mhusika mpya katika dunia ileile, vyote vinamsubiri.

Dalili: Chakula kipo, njaa ipo

Hapa ni haraka tu. Makopo mengi hayafunguki bila kifungua kopo, kwa hiyo droo za jikoni zitangulie kabati za chakula. Umeme na maji ya bomba vinakatika siku yoyote ndani ya mwezi wa kwanza: kula vya friji kwanza, weka makopo akiba, na jaza kila chupa, sufuria na ndoo tangu siku ya kwanza.

Dalili: Gari halitaki kuwaka

Funguo kwanza. Inaweza kuwa kwenye swichi, kwenye kijisanduku cha mbele, chini pembeni ya gari, nyumba ya jirani, au mfukoni mwa zombi aliye karibu. Kisha mafuta, kisha betri, kisha hali ya injini. Injini mbovu hukohoa mara kadhaa kabla ya kushika, na kila jaribio ni kelele. Kuwasha kwa nyaya kunahitaji kiwango cha 1 cha ufundi umeme na cha 2 cha ufundi magari, isipokuwa mhusika aliyechagua kazi ya uvunjaji wa nyumba.

Likiwaka, liegeshe kila mara likitazama upande wa kuondokea. Kugeuza gari kwenye uwanja uliojaa ni kuligonga, na boneti ya mbele ikiharibika injini inafuata. Na jaribio la tatu likishindikana huku wanakaribia, shuka, nenda kwa miguu.

Dalili: Skrini inagandaganda, ukirudi umeshang'atwa

Hili si kosa la mhusika, ila linaua vilevile. Sababu ya mara nyingi ni nyongeza (mods) nyingi zilizopakiwa juu ya mchezo. Zizime zote, fungua dunia mpya ya majaribio. Mchezo ukienda vizuri, rudisha moja moja mpaka umjue mharibifu. Kisha kumbukumbu: watengenezaji, The Indie Stone, wanataja RAM ya GB 8 kuwa kiwango cha chini, na kivinjari chenye kurasa kumi nyuma kinaila yote. Funga kila kitu. Punguza ubora wa mwanga na ukubwa wa skrini kwenye mipangilio.

Ikianza vizuri na kuganda baada ya nusu saa, ni joto. Kati ya Januari na Machi Tanga hewa yenyewe haipoi, na mashine iliyowekwa juu ya godoro haina pa kupumulia. Iweke kwenye meza ngumu, safisha matundu ya feni kwa brashi kavu ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Nyumba za karibu na bahari zina hewa yenye chumvi inayokula vyuma vya ndani, kwa hiyo usiiache karibu na dirisha usiku.

*Zima na umwite fundi:* kibodi au sehemu ya kugusia imeinuka (betri imevimba, usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji tena), kuna harufu ya kuungua, au bodi inakupiga shoti. Shoti mara nyingi ni hitilafu ya waya wa ardhi wa nyumba, na hapo anayehitajika ni fundi umeme. Waya wa kurefushia ukiwa wa moto, chomoa. Na kama mashine ni ya kibandani, usifungue chochote, mwambie mwenye nayo.

Umeme ukikatika mchezo ukiwa unaandika, faili ya dunia yako inaweza kuharibika. Kwa kompyuta ya mezani UPS (kifaa chenye betri ya akiba) inakupa dakika za kutoka kwa utaratibu kupitia menyu. Kila ukimaliza kucheza, toka kabisa kwenye mchezo, ingia folda ya jina lako kwenye Windows, tafuta folda ya Zomboid, na ndani yake nakili folda ya Saves kwenye flashi. Wanaohamahama vibanda wafanye hivi kila siku. Huko unakohamia mchezo uwe toleo lilelile na orodha ileile ya nyongeza; dunia ya toleo la 41 haifunguki kwenye la 42.